CHOZI, MAUA NA UWANJA WA NYUMBA YAKO: Historia ya bustani zetu za Usambara (sehemu 1 hadi 7)



Safari hii hatuzungumzi uji wa lishe wala kadi ya kliniki. Kuna swali linarudi sana: "Nesi, kwenye uwanja wa nyumba nipande maua gani, yasiyo na madhara kwa mtoto, na yanayoleta wale ndege wadogo wanaong'aa?" Nilitaka kujibu kwa mistari mitano tu. Lakini ukitaka kujua upande nini leo, lazima ujue kwanza nani aliamua yale yaliyopandwa jana. Kwa hiyo nimeigawa habari hii sehemu 7. Soma kidogo kidogo, mtoto akilala.

SEHEMU YA 1: NDEGE TUNAYEMZUNGUMZIA

Mtandaoni utaona picha za ndege mdogo anayening'inia hewani mbele ya ua, mabawa yanapiga mpaka hayaonekani. Huyo ni wa Amerika, Kaskazini na Kusini. Barani Afrika hakuna hata mmoja wa jamii yake anayeishi porini. Kwa hiyo mama, ukisoma ushauri wa bustani ulioandikwa Marekani ukanunua mbegu zake, unamwandalia mgeni ambaye hatakuja.

Wa kwetu anaitwa chozi. Ni ukoo mwingine kabisa, ila kazi moja: kunywa maji matamu ya ua. Ndiyo maana wamefanana, mdomo mwembamba, ulimi mrefu, rangi za kumetameta. Ni kama fundi seremala wa Lushoto na fundi seremala wa nchi ya mbali. Si ndugu, lakini ukiangalia vifaa vyao ni vilevile.

Tofauti moja ibaki kichwani, tutairudia kwenye sehemu ya 6. Chozi wetu hapendi kuning'inia hewani. Anaweza kwa sekunde chache, lakini kwa kawaida anatua, anashika kikonyo kwa miguu, ndipo anainamisha kichwa kunywa. Ua lisilo na mahali pa kushika linamchosha.

Dume ndiye mwenye rangi za kung'aa, jike mara nyingi ni wa kijivu au kijani kilichofifia. Kiota chao ni kama kapochi kanachoning'inia kwenye tawi, kamefumwa kwa nyasi na kushonwa kwa utando wa buibui. Na hapa wengi mtashangaa: makinda hawalelewi kwa maji ya maua peke yake. Wanalishwa wadudu na buibui. Mtoto anakua kwa protini, na kwa ndege ni hivyohivyo! Kwa hiyo uwanja uliopuliziwa dawa mpaka hakuna hata buibui, kwa mama chozi ni nyumba isiyo na chakula cha watoto.

Sasa sikiliza kwa nini jambo hili ni letu hasa. Kati ya chozi wa Tanzania yumo anayeitwa kwa jina la milima yetu, Cinnyris usambaricus. Dume ana kichwa na mgongo wa kijani kinachong'aa, na mstari mwekundu kifuani kama skafu. Anaishi Usambara Magharibi na milima ya Pare Kusini.  Eneo lake duniani ni dogo sana. Mtoto wako anayecheza pale nje anaweza kumwona kabla ya chai, ndege ambaye watu wanapanda ndege nyingine kutoka ng'ambo kuja kumtafuta.

SEHEMU YA 2: BUSTANI YA BIBI

Kabla ya mtu yeyote kutufundisha neno "bustani", Wasambaa walikuwa na uwanja wenye maua. Hawakuuita hivyo tu.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga kwa mfalme Kimweri mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Wakati huo makazi ya mlimani yalikuwa katikati ya migomba. Mgomba ulikuwa chakula, kivuli, kamba, jani la kufunikia, na mpaka wa ukoo. Sasa nenda kasimame chini ya mgomba wenye ua lililofunguka, lile la zambarau linaloning'inia, utulie dakika chache asubuhi. Chozi atakuja. Ua la mgomba lina maji matamu mengi, na lina mahali pazuri pa kushika.

Yaani bibi zetu walikuwa wanalisha ndege bila kujua kwamba kuna siku watu watalipia mafunzo ya jambo hilo.

Nikuongezee kitu hapa ili tusidanganyane. Mgomba nao si wa asili ya Afrika. Chimbuko lake ni Asia ya kusini mashariki, ukafika kwetu karne nyingi zilizopita, ukazoea, ukawa ndugu. Kwa hiyo mimi sisemi kila kilichotoka nje ni kibaya. Ukitaka kujua mgeni ni mwema au la, angalia akishafika anakaa vipi na wenyeji.

Kando ya migomba kulikuwa na vichaka, miti iliyoachwa kwa makusudi, na misitu iliyoheshimiwa kwa matambiko. Humo ndimo yalimokuwa maua mengine: mishubiri kwenye miamba, mwamba-ngoma kwenye miteremko, na mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine, ile tunayoiita kirukia. Hii kirukia wengi tunaikata tukidhani ni uchafu. Kumbe maua yake, yale marefu kama njiti za rangi nyekundu, mengi yanamsubiri chozi. Katika aina nyingi ua linakaa limefunga kabisa. Chozi akilibana kwa mdomo linafyatuka, chavua inamrukia usoni, anaondoka nayo kwenda ua jingine. Bila ndege, ua hilo halifunguki vizuri.

SEHEMU YA 3: MAUA YALIYOSAFIRI, NA MAUA YALIYOLETWA

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani wakaja. Lushoto wakaiita Wilhelmstal. Hali ya hewa iliwafurahisha, baridi kama kwao, na joto la pwani limebaki chini. Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Kutoka Mombo kupanda huku ni barabara ya kona mnayoijua.

Mwaka 1892 mtawala wa wilaya aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipata ua dogo la zambarau linaloota kivulini kwenye mawe yenye unyevu. Akalituma kwa baba yake Ujerumani. Baba akalipeleka kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wajerumani mpaka leo wanaliita ua la Usambara. Mwaka 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles wakaanza kuuza aina mpya walizozizalisha, na leo ua hilo liko madirishani kwenye nyumba zisizohesabika za Ulaya na Marekani.

Halikuwa peke yake. Kuna ua laini linaloota kivulini penye unyevu, la waridi, jeupe au jekundu, linaitwa Impatiens walleriana. Porini linapatikana kuanzia Kenya kupita kwetu mpaka Msumbiji. Leo ni moja ya maua yanayopandwa zaidi duniani kwenye bustani za mijini. Na kuna haibiskasi wa pwani, Hibiscus schizopetalus, lenye ua jekundu linaloning'inia kwa uzi mrefu, petali zimekatikakatika kama shanga. Asili yake ni Kenya, Tanzania na Msumbiji, upande wa pwani. Wazalishaji wa maua wamelichanganya na mengine, na damu yake imo kwenye haibiskasi nyingi za bustanini duniani.

Hebu fikiria. Dunia imepamba nyumba kwa maua ya kwetu, na sisi tukitaka "maua mazuri" tunaenda kununua ya kwao.

Ilikuwaje? Sehemu kubwa ya jibu iko Amani. Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, ng'ambo ya bonde la Lwengera ukitazama kutoka huku kwetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale Taasisi ya Biolojia na Kilimo, na bustani ya mimea iliyokuwa kati ya kubwa kabisa Afrika. Kazi yake ilikuwa kujaribu mimea kutoka mabara mengine, mipira, viungo, miti ya mbao, dawa. Wakaleta mikinona, ambao gome lake linatoa kwinini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia ya meli, Amani ndiyo iliyowatengenezea askari wa Kijerumani kwinini. Kama nesi siwezi kuidharau historia hiyo.

Lakini angalia swali walilokuwa wanajiuliza: mmea upi utaleta fedha? Ndege wa hapa anakula nini, halikuwamo kwenye hesabu. Na kutoka bustani za utafiti, za misheni na za maofisa, mimea ya nje ikashuka mpaka kwenye nyumba zetu: jakaranda na bogonvilia kutoka Amerika Kusini, mkaratusi na mgrivea kutoka Australia. Mvuti, ile lantana yenye maua ya rangi mbilimbili, ulianza kama pambo la bustani na sasa umejaa kila pori. Mti wa msizi, Maesopsis eminii, uliletwa Amani kutoka magharibi mwa Afrika Mashariki. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu, na msitu wa asili wa Usambara Mashariki mpaka leo unapambana nao.

Mgrivea nitautetea kidogo. Maua yake ya rangi ya dhahabu yana maji matamu mengi na chozi wanayapenda. Kama unao shambani, usiukate kwa sababu yangu. Ila hautoshi peke yake, nitaeleza.

SEHEMU YA 4: NANI ALIWAJUA NDEGE HAWA KWANZA?

Baada ya vita hivyo Waingereza wakaichukua Amani. Mwaka 1928 akaja kijana wa hesabu, Reginald Moreau. Hakuwa mwanasayansi kwa kusomea, alikuwa mtu wa vitabu vya mahesabu ya ofisi. Lakini alipenda ndege, akakaa Amani mpaka mwaka 1946, na akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Mwaka 1935 yeye na mwenzake Sclater walimtambulisha kwa wanasayansi chozi wa Amani, mwenye tumbo jeupe na kichwa cha kijani cheusicheusi, anayeishi juu kwenye matawi ya msitu. Kuna chozi mwingine wa milima ya Tanzania anayeitwa kwa jina la Moreau mwenyewe.

Sasa, Moreau hakutembea msituni peke yake. Alifanya kazi na Salimu Asmani, Mwafrika aliyejua kuwatafuta ndege, kuona viota, kuvizia, kuhesabu. Wanahistoria wa siku hizi wameanza kuandika juu ya watu kama Salimu, kwa sababu bila macho yao vitabu vile visingekuwapo. Majina ya kisayansi yalikwenda kwa wengine.

Kwa nini nawaambia hili akina mama? Kwa sababu ujuzi wa kumwona ndege, kujua anakula nini na anajenga wapi, haukuletwa na meli. Ulikuwapo hapa. Ukimfundisha mtoto wako kukaa kimya akaangalia kiota bila kukigusa, unaendeleza kazi ya Salimu.

Na kitu cha kunifurahisha mimi wa hospitali: utafiti wa kilimo ulipohamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, majengo ya Amani yakapata wenyeji wapya, watafiti wa malaria. Baadaye kazi hiyo ikawa sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mahali palepale palipopandwa mti wa kwinini pakaja kusomwa mbu.

SEHEMU YA 5: KWA NINI TUNAFAGIA UWANJA MPAKA UNANG'AA

Hapa naomba mnisome vizuri, maana wengine mtasema, "Nesi, mama mkwe amesema majani karibu na nyumba ni mbu na nyoka."

Mama mkwe hajatunga. Ana historia yake.

Historia ya kwanza ni ya amri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kurekebisha ardhi bonde la Mlalo, mwaka 1946, kisha ukapanuliwa Usambara nzima. Watu walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, na asiyelima alishtakiwa. Mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, ndio waliokuwa na jembe. Watu walikataa, wakapinga, na mpango ukafa mwaka 1957. Tangu hapo mlimani mtu akija kusema "pandeni hiki", wazee wanakunja uso kwanza. Wana haki. Ndiyo maana mimi hapa siamuru, nasimulia.

Historia ya pili ni njema. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilikuwa inasomesha, watu wanakaa kwenye vikundi na vijitabu, karibu watu wazima milioni 2 walishiriki nchi nzima. Walichimba vyoo, walifukia madimbwi, walifyeka vichaka kuzunguka nyumba. Kampeni ile iliokoa watu, na mimi naiheshimu. Uwanja uliofagiliwa ukawa alama ya mama msafi. Binti akafundishwa na mama yake, naye akamfundisha wa kwake, mpaka leo.

Lakini tuelewe sababu, tusishike ufagio tu. Mbu wa malaria anataga kwenye maji yaliyotuama. Hatagi ndani ya ua la mshubiri. Kopo lililojaa mvua nyuma ya jiko, tairi, dimbwi la kufyatulia matofali, hapo ndipo mazalia yalipo kwa mbu wa aina mbalimbali. Ni kweli mbu mkubwa anaweza kupumzika mchana kwenye kichaka kizito chenye unyevu, na nyoka anapenda mahali pa kujificha. Kwa hiyo kanuni ni hizi:

Panda hatua kadhaa kutoka dirishani na mlangoni, si kwenye ukuta.

Pogoa chini, shina lionekane. Kichaka unachoweza kukiona upande wa pili si nyumba ya nyoka.

Mwaga maji yote yaliyotuama, kila wiki.

Na chandarua kinabaki palepale. Hakuna ua linalochukua nafasi ya chandarua.

Ukifanya hayo, uwanja wako ni msafi na una maua, na mama mkwe hana neno.

SEHEMU YA 6: SASA TUPANDE NINI?

Ua la chozi utalijua kwa dalili nne. Rangi nyekundu, chungwa au njano iliyoiva. Umbo la bomba au tarumbeta jembamba. Halina harufu kali, maana ndege anatafuta kwa macho zaidi. Na lina kikonyo au tawi la kushika, kama nilivyosema sehemu ya 1.

Haya ndiyo ninayoyapendekeza kwa mlimani na kandokando yake:

Mshubiri wa asili. Ndio rahisi kuliko yote. Unavumilia jua na ukame, unakaa hata kwenye ndoo iliyotoboka, na mshumaa wake wa maua mekundu ni mgahawa wa chozi. Omba chipukizi kwa jirani, usiende kung'oa kwenye miamba, kule nako kuna wanaoutegemea.

Leonotis. Mnaijua hata kama hamna jina lake: shina limenyooka kama fimbo, na kila baada ya nafasi kuna mpira wa miiba wenye maua ya chungwa yenye manyoya, yamepangana kama ghorofa. Inaota kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyolala. Kusanya mbegu kichwa kikikauka, mwaga, itaota. Miiba inachoma, kwa hiyo ipeleke pembeni ambako mtoto hatambai.

Mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica. Huu ni mti, wa mwenye nafasi au wa mpakani. Ukipanda kipande kinene cha tawi kinashika. Uzuri wake ni kwamba unachanua kiangazi, mara nyingi ukiwa hauna jani hata moja, mti mzima ni moto mwekundu. Wakati maua mengine yamekauka, huu ndio unaowavusha ndege.

Halleria lucida. Mti mdogo wa misitu ya baridi, unafaa sana Lushoto, Magamba, Shume. Maua yake ya chungwa yanatoka mpaka kwenye shina lenyewe, na matunda yake meusi wanakula ndege wengine. Ulizia miche kwa watu wa misitu.

Haibiskasi wa pwani niliyemtaja sehemu ya 3. Huyu ni wa mama zangu wa Mombo, Korogwe, Muheza na Tanga, anapenda joto.

Mgomba. Usione haya. Migomba mitatu nyuma ya jiko, ukiimwagia maji ya kuoshea vyombo, ni chakula chako na cha chozi.

Mwenye shamba aache angalau mzambarau mwitu mmoja, na tawi moja la kirukia lisiloua mti.

Sasa ile ahadi kuhusu mgrivea. Mti mmoja, hata uwe mtamu vipi, una msimu. Ukiisha kuchanua, ndege anahama. Chozi hali mara moja kwa mwaka, kama mtoto wako asivyokula mara moja kwa wiki. Kwa hiyo chagua angalau mimea mitatu inayopokezana, wa masika, wa vuli na wa kiangazi.

Mambo mawili ya bure. Kwanza, punguza dawa za kupulizia. Najua Lushoto tunaishi kwa kabichi, karoti na nyanya, na bomba la dawa liko kila nyumba. Shambani fuata maelekezo, lakini kwenye maua ya nyumbani usipulizie kabisa, kwa ajili ya makinda, na kwa ajili ya mwanao anayetia kila kitu mdomoni. Pili, manati. Zungumza na vijana wako. Chozi ana uzito wa gramu chache tu, hakuna mboga pale.

Na msihangaike kutundika chupa za maji ya sukari kama kwenye picha za mtandaoni. Yanachacha haraka, yanaleta sisimizi na nzi. Ua linajisafisha lenyewe.

SEHEMU YA 7: UPANDE WA NESI

Hii ndiyo sehemu ninayowaomba muisome mara mbili, na muipeleke kwa wengine.

Ua linaloitwa tarumbeta, lile jeupe au la njano linaloinama kama kengele kubwa, lipo kwenye nyumba nyingi Lushoto. Limetoka Amerika Kusini. Ni zuri, linanukia usiku, na lina sumu kuanzia jani mpaka mbegu. Mtoto akilitafuna mboni za macho zinapanuka, mdomo unakauka, ngozi inakuwa nyekundu na ya moto, anaanza kuweweseka. Kama una mtoto chini ya miaka mitano, ling'oe. Sina lugha laini ya kusema hilo.

Olianda, kichaka chenye majani membamba magumu na maua ya waridi au meupe, sumu yake inagusa moyo. Ling'oe pia, na usichome matawi yake kwenye jiko wala kuyafanya mishikaki.

Mvuti: matunda yake mabichi ya kijani yanaweza kumdhuru mtoto. Ufyeke.

Hata ya kwetu yana tahadhari, asili haimaanishi salama. Mbegu nyekundu za mwamba-ngoma ni nzuri kama shanga, lakini zina sumu zikitafunwa, na zinaweza kumkaba mtoto. Zikianguka zifagie. Na shubiri: tunajua wengine wanapaka chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa. Yale maji machungu ya njano yanaharisha sana. Kwa mjamzito, kwa anayenyonyesha na kwa mtoto mchanga, usiyatumie. Mtoto anaweza kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi, na ukitaka kumwachisha njoo kliniki tuzungumze taratibu. Mshubiri mwache chozi anywe maua yake.

Mtoto akila mmea usioujua: toa kilichobaki mdomoni, msuuze kwa maji, usimlazimishe kutapika, usimnyweshe maziwa au mafuta kwa nguvu. Chukua kipande cha mmea wenyewe, na nenda kituo cha afya hapohapo. Kile kipande kinatusaidia sana kuliko maelezo ya "majani fulani ya kijani".

Sasa nifunge. Misitu ya Usambara imekatwa sana, iliyobaki ni kama visiwa katikati ya mashamba na nyumba zetu. Magamba na Amani zinalindwa na sheria, na ni vizuri. Lakini chozi wa Usambara hupenda kingo za msitu na huingia mpaka bustanini. Katikati ya kisiwa kimoja cha msitu na kingine kuna wewe. Uwanja wako wenye mshubiri mitatu na mgomba mmoja ni daraja.

Miaka zaidi ya 100 watu wengine wameamua nini kiote mlimani hapa, kwa fedha, kwa pambo, kwa amri. Huu uwanja wa hatua kumi mbele ya mlango, huo unaamua wewe.

Kazi ya wiki hii, ndogo tu. Mwulize bibi, shangazi au mama mkwe: ua gani alikuwa analinyonya utotoni kwa utamu wake, na lilikuwa linaitwaje kwa Kisambaa, Kipare, Kibondei au Kizigua? Aandike hapa chini, au mwandikie wewe. Wekeni na picha mkiweza. Yale majina yako kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka. Nitayakusanya yote, na sehemu ya 8 itakuwa yenu.

Mlale salama, chandarua kishuke.

Nesi wenu, Lushoto.